Jazeni Vyombo Maji Yangali Yakitoka



Neno letu liko katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, mistari saba ya kwanza. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii ameachiwa deni na watoto wawili wa kiume, na mdai anakuja kuwachukua watoto hao wawe watumwa wake. Mama anamlilia Elisha. Elisha anamuuliza ana nini nyumbani, naye anajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta. Nabii hamwambii akae asubiri. Anamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena asiazime vichache. Kisha ajifungie ndani na wanawe, amimine. Mama akatoka, akaazima, akajifungia, akamimina. Watoto wanaleta chombo, yeye anamimina. Wanaleta kingine, anamimina. Mwisho akaomba chombo, mtoto akamwambia hakuna tena. Hapo mafuta yakakoma.

Tusimame hapo mafuta yalipokoma. Mungu hakuwa amechoka. Imani ya yule mama haikuwa imepungua, wala nabii hakuwa amekasirika. Vyombo ndivyo vilivyokwisha. Angeazima kumi zaidi, angejaza kumi zaidi. Na kama angeona haya kugonga mlango wa jirani, akarudi na kibakuli kimoja, Mungu yule yule mwenye uwezo ule ule angemjazia kibakuli kimoja. Neema ilikuwa tele. Kipimo chake kiliwekwa na maandalizi ya ile nyumba.

Basi nakuuliza wewe unayesoma ukurasa huu, baba, mama, kijana uliyepanga chumba kimoja: nyumbani kwako una vyombo vingapi? Sisemi kwa mafumbo. Nauliza madumu. Nauliza ndoo zenye mifuniko. Umeme ukikatika saa hii usirudi leo wala kesho, bomba likikauka wiki nzima, mvua ikibomoa daraja la mtaani kwenu, mtandao ukizimika na pesa yako yote imo ndani ya simu, watoto wako watakunywa nini? Watakula nini? Mgonjwa wako atatunzwa kwa kitu gani? Najua jibu la wengi wetu, maana nimelisikia katika nyumba nyingi nilizoingia kuomba: "Mungu yupo, Mchungaji."

Yupo! Haleluya, yupo. Ndiye aliyekuletea maji jana, bomba likatiririka kutwa nzima, nawe ukapita ukaliacha. Ndiye aliyekupa mshahara wa mwezi uliopita na nguvu za kubeba ndoo. Hiyo ndiyo ilikuwa chupa yako ya mafuta, mpendwa. Ulileta vyombo gani?

Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka Oktoba 2022. Mvua ilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, na mwishoni mwa mwezi huo mkuu wa mkoa, Amos Makalla, akatangaza kwamba uzalishaji wa maji umeshuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi lita milioni 300. Mgao ukaanza. Lakini mto ule haukupungua kwa usiku mmoja. Ulipungua siku baada ya siku huku jua likituchoma utosini na sisi tukisemezana kwamba mwaka huu joto limezidi. Tuliona, hatukujaza. Mgao ulipofika, aliyekuwa na mapipa yaliyojaa alilala; aliyekuwa hana alitoka alfajiri na ndoo kichwani kumkimbilia mwenye mkokoteni, naye mwenye mkokoteni alikuwa ameshapandisha bei.

Hata hivyo Dar ilionja tu. Waulizeni ndugu zetu wa Unguja. Umeme wao hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 2008 njia hiyo iliharibika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Mafundi wakatengeneza, taa zikawaka, maisha yakaendelea. Desemba 10, 2009 ikaharibika tena, na mara hii giza lilidumu hadi Machi 2010. Miezi mitatu, wapendwa! Sikukuu ya Krismasi ikapita gizani, mwaka ukageuka gizani, watoto wakarudi shule gizani. Tena sikilizeni hili, kwa sababu wengi hatulijui mpaka litufike: umeme ulipokwenda, maji nayo yalikwenda, kwani pampu zinazopandisha maji kutoka visimani na kuyasukuma mjini zinaendeshwa na umeme huo huo. Watu waliokuwa wakifungua bomba wakarudi kwenye visima vya zamani na foleni za ndoo. Jokofu la mvuvi likafa, barafu ikakosekana, samaki akaoza.

Huduma hizi tunazozitegemea zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara: mmoja akianguka, anawavuta wenzake. Umeme unabeba pampu ya maji. Umeme unabeba mnara wa simu, na mnara unabeba pesa yako. Umeme unabeba jokofu la zahanati linalotunza chanjo ya mwanao. Anayesema "mimi umeme hata ukikatika nina mshumaa" hajahesabu vizuri.

Kati ya giza la kwanza la Unguja na lile la pili ilipita miezi 18. Mimi naiita rehema. Ni ile ile iliyopewa Misri siku za Yusufu, miaka saba ya shibe kabla ya saba ya njaa. Wamisri hawakupona kwa ndoto ya Farao. Walipona kwa maghala. Ndugu zetu Waislamu nao wanakisoma kisa hiki katika Sura ya Yusuf, na humo shauri la Yusuf linaingia hadi kwenye namna ya kuhifadhi: nafaka iliyovunwa iachwe katika masuke yake. Tazameni mtu wa Mungu anavyozungumza habari za masuke! Hakuona kwamba ghala ni jambo dogo lisilomfaa mtu wa rohoni. Na ole wetu sisi tunaokesha tukiomba ulinzi, kisha tunaacha unga wa nyumba ukiwa wa kuishia kesho mchana wakati pesa ya kununua wa wiki ilikuwepo.

Mnadhani ni mambo ya zamani? Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu, nchi ikazimika. Mei 4 Kimbunga Hidaya kikapiga Mafia, vivuko vya Dar na Zanzibar vikiwa vimesimamishwa. Mei 12 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikakatika, na Afrika Mashariki nzima ikahangaika na mtandao. Umeme, upepo, mtandao, vyote ndani ya wiki sita! Majirani zetu Wakenya walikuwa wameonja mwaka uliotangulia, usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, nchi yao ilipozimika na giza likaingia hata katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Na Hanang? Jumapili, Desemba 3, 2023, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo makanisa yanasoma habari za kukesha na kujiandaa. Asubuhi hiyo tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Sisemi kwamba madumu yangeuzuia mlima. Nasema msiba hauulizi kama umemaliza ibada.

Sasa tuongee kazi, na tuanze na maji, maana nyumba huanza kuanguka hapo.

Mtu mmoja, katika shida, anahitaji lita saba na nusu kwa siku zikiwa ndogo kabisa, za kunywa, kupika na kunawa. Akipata 15 anaishi kwa heshima kidogo. Piga hesabu ya nyumba ya watu watano kwa siku tatu. Unapata lita 112 na nusu. Hayo ni madumu sita ya lita 20. Sita tu! Yanakaa nyuma ya mlango, yanakaa chini ya kitanda cha watoto. Tunachangia harusi na sendofu za watu ambao hata majina yao ya ukoo hatuyajui, tunashona sare, tunakodi basi, lakini nyumba haina madumu sita. Tutubu katika hili.

Na dumu lenyewe lisafishwe. Lile la njano lililokuja na mafuta ya kula usilisuuze kwa maji baridi ukaridhika; siku ya tatu maji yatanuka, watoto watayakataa. Tia maji ya moto, sabuni ya unga na konzi ya kokoto ndogo, funga, tikisa mpaka mkono uchoke. Mwaga, tazama rangi ya yale maji, rudia. Ukinusa ndani na usisikie harufu ya mafuta, hapo lisuuze mpaka povu liishe, lijaze, lifunge, liweke kivulini. Dumu lililobeba sumu ya kuulia wadudu wa shamba usilitumie kwa maji ya kunywa hata ulioshe mara mia. Kila baada ya wiki mbili maji ya akiba yafulie nguo, jaza mapya.

Mfuniko, mama! Mfuniko! Dar es Salaam ilipigwa na homa ya dengi mwaka 2014, ikapigwa tena 2019, na mbu wa dengi hapendi mtaro mchafu; anapenda maji safi yaliyotulia karibu na watu. Pipa la akiba lililoachwa wazi limekuwa kitalu cha mbu anayeuma mchana mwanao akicheza uani.

Maji usiyoyaamini yachemshe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika nzima. Mkaa ukiwa huna, tumia vidonge vya klorini kama pakiti inavyoelekeza. Na ukikosa vyote viwili, kuna njia isiyo na gharama: chukua chupa angavu ya plastiki, ijaze maji yasiyo na tope, ilaze juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita. Yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa. Nasisitiza kwa sababu mafuriko yakipita huacha kipindupindu nyuma yake. Tuliona jinsi ugonjwa huo ulivyoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kisha ukasambaa mikoani. Mtoto akianza kuharisha na zahanati haifikiki, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visiwe na kilima, koroga, mnyweshe kidogo kidogo bila kukata tamaa huku mkitafuta njia ya kumfikisha kwa daktari. Andika maneno hayo kwenye karatasi, yabandike nyuma ya mlango wa jikoni. Yameokoa watoto wengi duniani, na hayahitaji umeme wala mtandao.

Chakula nitakipitia haraka, kwani akina mama mnanizidi. Weka akiba ya vile mnavyokula siku zote: unga, mchele, maharage, dagaa, chumvi, sukari. Ongeza visivyohitaji moto, karanga, tende, biskuti, kwa siku ambayo hata kuni zimelowa. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Mahindi ya kukaa muda mrefu yakauke vizuri yatiwe katika mifuko ya kinga njaa, ile inayozuia hewa, la sivyo dumuzi atakula kabla yenu.

Lakini kuna jambo moja ninalotaka kulisema kwa uchungu. Giza likiingia, watu wengi hudhuriwa na kile walichokiwasha. Mshumaa umesimamishwa juu ya ndoo ya plastiki, karibu na chandarua, watoto wamelala. Kibatari kimejazwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli na mwuzaji asiye na huruma. Na lililo baya kuliko yote, jiko la mkaa limeingizwa chumbani kwa sababu nje mvua inanyesha au baridi imezidi, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa kanga. Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini mnanielewa. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi wa kukuamsha. Baba anajisikia kichwa kinauma, anadhani ni uchovu, analala. Asubuhi majirani wanavunja mlango. Nawasihi kwa jina la Yesu, jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata likionekana limekuwa majivu. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha. Nunua taa ndogo ya sola, iweke juani kila siku kama unavyoanika nguo, na usiku wa shida hutahitaji moto wowote kitandani kwa mtoto.

Umeme ukikatika, chomoa jokofu na televisheni, kwa sababu hurudi kwa kishindo. Jokofu usilifungue fungue: likiachwa limefungwa hushika baridi kama saa nne, na friza iliyojaa hushika karibu siku mbili.

Turudi kwenye ile nyumba ya mjane. Nani waliokuwa wakileta vyombo? Watoto. Elisha alisema wazi, jifungie pamoja na wanao. Mama hakuwafukuza wakacheze ili afanye kazi ya watu wazima. Walimwona anavyomimina, walijua chombo kiko wapi, walijua kimebaki kipi. Sasa linganisha na nyumba zetu. Baba ndiye anayejua swichi kuu iko wapi. Baba ndiye anayejua kufunga mtungi wa gesi. Na baba, saa ya hatari, yuko kazini Posta au yuko safarini Morogoro! Anayekuwepo nyumbani saa tano asubuhi ni dada wa kazi mwenye miaka 18 na mtoto wa miaka mitatu. Umemfundisha nini yule binti? Umemwonyesha jinsi ya kuzungusha kidhibiti cha gesi? Umemwambia kwamba akisikia harufu ya gesi asiguse swichi ya taa, afungue madirisha, amtoe mtoto nje? Anaijua namba 114 ya Zimamoto, na 112 ya polisi? Umempa maisha ya mwanao, ukamnyima maarifa ya kuyalinda. Binti huyu ni mtu wa nyumbani mwako. Mkae naye chini Jumamosi moja, kwa upole, mumwonyeshe kitu kimoja kimoja, na yeye afanye kwa mikono yake mkiangalia.

Watoto nao wafundishwe namba ya simu ya mama kwa kichwa. Siku hizi namba zote zimo ndani ya simu, na simu ikizima hatukumbuki hata ya ndugu wa tumbo moja. Ziandike kwenye daftari: ya mume, ya shangazi, ya jirani, ya mjumbe, ya mwenyekiti wa mtaa. Muwe na mahali mlipokubaliana kukutana mkipotezana, kanisani, shuleni, chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa, popote panapofikika. Muwe na redio ya betri, ili taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa iwafikie mnara ukiwa umelala. Na muwe na pesa taslimu kidogo, noti za elfu moja na elfu mbili. Mei 2021 mfumo wa kununua umeme wa LUKU uliposumbua, watu walikuwa na pesa simuni na hawakupata umeme. Siku mtandao ukizimika kabisa utakuwa na pesa simuni na hutapata hata mkate. Mwenye duka hatakuwa na chenji ya elfu kumi.

Wagonjwa wetu wasisahauliwe. Mwenye presha, mwenye kisukari, mwenye pumu, anayetumia ARV, mtoto mwenye selimundu: dawa zao zisifike kidonge cha mwisho ndipo muanze safari ya kliniki. Kama wiki mbili zimebaki, siku ya kwenda ni sasa. Insulini inayotumika hudumu takribani wiki nne nje ya jokofu mradi isipigwe na joto kali, na pwani yetu joto ni kali. Mtungi wa udongo uliolowana, ukiwekwa kivulini penye upepo, hupoza kuliko kabati. Muulizeni mfamasia kuhusu aina mnayotumia, mumuulize leo mkiwa na nafasi ya kumsikiliza.

Kisha karatasi. Desemba 2011, mvua kubwa ambazo Dar haikuwa imezipata tangu 1954 zilijaza bonde la Msimbazi, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande kuanza upya. Anayeanza upya bila cheti cha kuzaliwa cha mtoto, bila kitambulisho cha taifa, bila cheti cha shule wala hati ya kiwanja, anaanza nyuma ya wenzake. Chukua ndoo ndogo ya rangi iliyokwisha, ile yenye mfuniko unaobana. Ioshe, ikauke. Weka humo vyeti vyote vikiwa ndani ya bahasha ya plastiki, kadi ya kliniki, kadi ya bima, nakala za funguo, zile noti ndogo, dawa za siku kadhaa, taa ya sola. Ikae mahali ambapo mtu yeyote wa nyumba, hata gizani, ataipata kwa kupapasa. Ikisemwa "tokeni!", mmoja anabeba mtoto, mwingine anabeba ndoo.

Na ikisemwa tokeni, tokeni. Zima swichi kuu kabla maji hayajafika kwenye soketi, kama unaifikia ukiwa umesimama pakavu. Godoro liache. Televisheni iache. Maji yanayokwenda kwa kasi, hata yakiwa chini ya magoti, humwangusha mtu mzima. Usimfuate anayejidai kuvuka, wala usimruhusu dereva wa bodaboda akuvushe na mtoto mgongoni.

Najua kuna mama amefika hapa analia moyoni. "Mchungaji, sisi tunaishi kwa kula ya leo. Hiyo akiba niitoe wapi?" Mama yangu, sikukuruka. Yule mjane aliyemlilia Elisha alikuwa na deni, hakuwa na mume wala nafaka. Hakuagizwa anunue, aliagizwa aazime vyombo, na akatumia kidogo kilichokuwemo ndani. Ukiwa unapika wali, kabla ya kuutia maji, rudisha konzi moja ya mchele kwenye kopo la pembeni. Mwezi ukiisha una zaidi ya kilo moja ambayo hukuihisi ikitoka. Dumu moja mwezi huu, jingine mwezi ujao. Kina mama wa kikoba, mnaokopeshana mitaji ya vitumbua na mitumba, kwa nini mzunguko mmoja usiwe wa madumu, na mwingine wa taa za sola? Jumuiya inayoweza kukusanya rambirambi kwa nusu saa haishindwi kuwanunulia wajane wake ndoo zenye mifuniko wakiwa hai.

Na wewe uliyejaliwa, mwenye tangi la lita elfu mbili na ukuta mrefu, nina neno nawe pia. Luka sura ya 12 ina habari za tajiri aliyejenga maghala makubwa zaidi, akaiambia nafsi yake ile, inywe, ifurahi. Mungu alimwita mpumbavu. Yusufu naye alijenga maghala, akaitwa mwenye hekima. Tofauti yao iko mlangoni: Yusufu alifungua. Siku bomba likikauka, tangi lako litakuwa limejaa na ng'ambo ya ukuta wako kuna bibi anayelea wajukuu. Weka bomba moja upande wa nje. Usiwauzie watu kwa bei ya mkokoteni. Na usiende dukani siku ya taharuki ukazoa unga wote kwa sababu gari lako lina nafasi. Aliyejiandaa mapema hana sababu ya kumnyang'anya aliyechelewa.

Yule mjane alivipata wapi vyombo? Kwa majirani. Kila chombo kilichojaa mafuta siku ile kilitoka katika nyumba ya mtu mwingine. Jumuiya zetu zikutane zijue: nani ana kisima, nani ana gari, nani ni muuguzi, mzee gani anaishi peke yake, nani hasikii vizuri na hatausikia mlio wa hatari, nani anatembea kwa magongo na atahitaji vijana wawili wa kumbeba. Yaandikwe, yakae kwa kiongozi wa jumuiya na kwa mjumbe, bila kuuliza nani anasali wapi. Mafuriko hayaulizi.

Wapendwa, msinijibu kwa amina peke yake. Leo hii, kabla hujalala, kagua dawa za mgonjwa wa nyumba yako kidonge kwa kidonge. Mwonyeshe dada swichi kuu. Tafuta ile ndoo ya rangi, anza na cheti kimoja. Kama bomba linatoka, osha dumu, lijaze, lifunge. Ukimaliza, piga hodi kwa jirani yako, umuulize kama naye amejaza. Akikuambia hana chombo, mwazime.